Stika ya Abla Ghalia

Gizani nilisikia simu ikitetemeka juu ya friji. Umeme ulikuwa umekatika kabla ya magharibi, friji limenyamaza, jenereta ya jirani bado haijawashwa, kwa hiyo ule mtetemo wa bati ulisikika nyumba nzima. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati la vyombo, namnyonyesha mwanangu mdogo. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena.

"Rahaf," niliita, "simu yako."

Hakuja.

Rahaf ni wifi yangu, kitinda mimba wa kwao mume wangu, ana miaka kumi na mitano. Mama yao alipofariki alihamia kwetu na mto wake na mifuko ya nguo, na tangu hapo sijui kama namlea kama dada au kama mama. Siku nyingine hata yeye hajui. Ninachojua ni kwamba simu yake huwa haiondoki mkononi, analala nayo, anakula nayo, anaswali imelala pembeni ya mkeka. Kuisikia inatetemeka peke yake juu ya friji, na mwenyewe hashtuki, kulinitia baridi.

Sundus, binti yangu wa miaka minne, ndiye aliyempata kwa tochi yake ya plastiki. Alikuwa amejikunja nyuma ya mlango wa chumba, kajifunika blanketi hadi kichwani kwenye joto lile. Nilimwambia atoke, hakutoka. Nikaenda nikakaa chini karibu naye na mtoto begani, nikasubiri, maana nilikuwa nimechoka hata kugomba. Nilikuwa nimefua, nimepika mbakbaka, tambi zetu za mchuzi, kwa gesi ya mwisho, na kitabu changu cha hesabu kilikuwa wazi mezani tangu asubuhi kwenye ukurasa uleule.

Mwisho alizungumza ndani ya blanketi.

"Abla Ghalia hakuja shule leo. Jana pia. Wanasema kaka yake kamzuia kutoka. Na ni mimi, wifi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Abla ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike, na Ghalia ni mwalimu wao wa hesabu, na jioni ni mwalimu wetu sisi, wanawake tulioacha shule, wengine kwa vita, wengine kwa ndoa, mimi kwa vyote viwili. Tunasomea darasa la chekechea lililo nyuma ya msikiti, kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mtihani wetu wa cheti uko mwisho wa msimu. Ghalia ni mjane, anaishi kwa kaka yake Miftah, na ni Miftah huyohuyo anayemleta kwa gari na kumfuata. Asipoletwa, hakuna darasa. Hakuna mwalimu mwingine wa kike mtaani kwetu atakayetoka usiku kuja kufundisha akina mama sehemu na desimali bila malipo.

Nikamwambia anieleze taratibu. Akaeleza, na mimi nikawa naunganisha.

Ilianza kwenye hina ya binamu yao. Kwenye ukumbi wa harusi jambo lile lisingetokea. Pale mlangoni huwa anakaa mama mmoja mkali na utepe wake wa karatasi, anaziba kamera ya kila simu inayoingia, hata ya mama wa bibi harusi, maana ndani wanawake wamevua mitandio na wanacheza wanavyotaka. Lakini hina ilifanyika nyumbani, ndugu na majirani watupu, nani angemwekea nani ulinzi? Bibi harusi alipopakwa hina, Rahaf alimwomba ruhusa apige video ya mkono wake. Akapewa. Akapiga mkono tu, na akawatumia wenzake kwenye kundi la darasa waone maua yalivyochorwa.

Nyuma ya mkono kulikuwa na kabati la nguo, na kabati lina kioo.

"Sikukiona, wifi. Nilikuwa naangalia mkono."

Ndani ya kioo alikuwepo Abla Ghalia. Kavaa gauni la rangi ya chungwa, nywele zimemwagika mpaka kiunoni, sinia la lozi kichwani, anacheza, anacheka mpaka magego yanaonekana. Darasani huyu ni mtu asiyecheka. Wasichana wakamwona. Mmoja wao, Arwa, akamkata kutoka kwenye video akamfanya stika, ile picha ndogo mnayotumiana badala ya maneno, akaandika chini yake "Hesabu zimekwisha." Kufikia asubuhi kila msichana alikuwa anaitumia. Ukimaliza kazi ya nyumbani, unamtuma Abla na sinia lake. Ukifaulu, unamtuma Abla. Hata Rahaf alimtuma.

"Hatukuwa tunamcheka," alisema. Sasa alikuwa ameshusha blanketi, na tochi ya Sundus ilimmulika pua nyekundu. "Tunampenda. Tulifurahi tu kwamba naye anacheza."

"Sasa kaka yake ameipataje?"

"Sijui ilivyotoka. Kundi ni la wasichana watupu. Hakuna mwanamume hata mmoja."

Aliniambia hivyo kama mtu anayekuambia mlango ulikuwa umefungwa. Na mimi nikaelewa alivyoelewa yeye: kwamba kundi ni chumba, kama kile chumba cha hina, na aliyemo ndani ni mwanamke, basi.

Nikamuuliza kama Arwa ana simu yake mwenyewe.

Akafungua mdomo kujibu, akauziba kwa mkono.

Arwa hana simu. Anatumia ya kaka yake, anaazimwa baada ya chakula cha jioni. Na stika ukishaihifadhi haiondoki na msichana anaporudisha simu. Inakaa humohumo, inamsubiri mwenye simu. Tulikuja kusikia baadaye: kaka yake Arwa aliikuta, akaona ni kichekesho, mwanamke asiyemjua na sinia, akaitupa kwenye kundi la wenzake wa mpira. Mmoja wa wachezaji ni mtoto wa Miftah. Kijana alipoiona hakucheka. Alimpelekea baba yake.

Unajua kilichoniuma? Mwaka huohuo shuleni kwao walikuja wageni wakawafundisha matumizi mema ya mtandao. Rahaf alipata alama zote. Alinisomea nyumbani akiwa anatembea huku na huku kama mtangazaji: usimpe mtu nywila yako, usizungumze na usiyemjua, usitume picha yako. Nilijivuna naye, nikambandikia karatasi yake ukutani karibu na kalenda.

"Nimefuata yote, wifi," alisema sasa, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. "Sikutuma picha yangu."

Nilimpa mtoto ambebe, nikaenda kutafuta mshumaa.

Siraj, mume wangu, alirudi kutoka zamu ya kiwandani, vumbi la chuma kwenye nyusi. Nilimwacha anawe, ale, anywe chai ya kwanza, kisha nikamweleza mbele ya Rahaf. Nilitegemea angefoka. Hakufoka, alichoka tu, na uchovu wake ulinihuzunisha zaidi. Alinyoosha mkono, Rahaf akampa simu.

"Kesho naenda kwa Miftah," alisema. "Nitamwomba radhi, atanielewa. Tunamaliza sisi wanaume, mambo yanaisha."

Hivi ndivyo mambo yanavyomalizwa kwetu, na mara nyingi yanamalizwa vizuri. Lakini nilikaa na ile sentensi nikiwa naosha glasi, nikaona yatakayotokea. Siraj atakwenda, Miftah atampokea kwenye chumba cha wageni, watakunywa chai yenye povu na karanga, watapeana mikono. Wanaume wawili watakuwa wamepatana. Na Ghalia atabaki ndani, kwa sababu hakuna atakayekuwa amemzungumzia yeye. Kaka yake ataendelea kuamini kwamba dada yake alicheza mbele ya kamera huku anajua.

Nikamwambia Siraj: kuomba radhi ni kwako, lakini kusema kilichotokea ni kwa aliyekuwepo.

"Unataka mtoto wa kike akasimame mbele ya mwanamume yule aseme?"

"Nataka aseme kwamba mwalimu hakujua. Wewe hukuwepo, Siraj. Utamwambia nini, kwamba umeambiwa?"

Alinitazama, akamtazama dada yake. Alisema tu kwamba atafikiri, akaenda kulala na viatu.

Asubuhi alimrudishia Rahaf simu kwa muda, aifute ile video. Kwa wengine muda wa kuifuta ulikuwa umeshapita, iliondoka kwake tu. Akiwa nayo mkononi aliandika kitu kwenye kundi, mimi nikisoma juu ya bega lake. Aliwauliza wenzake: simu unayosomea ujumbe huu ni ya nani?

Kwanza walimcheka. Mmoja akamuuliza ameajiriwa polisi lini. Mwingine akamwita bibi mkuu wa shule. Kisha mmoja akaandika, ya mama. Mwingine, ya baba, lakini hasomi. Mwingine, ya kaka yangu, na mwingine tena. Mmoja alikuwa na simu yake lakini baba yake ana nakala ya ujumbe wote kwenye kompyuta. Majibu yalishuka moja baada ya jingine, na vichekesho vikapungua. Halafu Arwa akaandika kwamba kaka yake anasema ameifuta, lakini kama wenzake wameifuta hajui, na marafiki wa wenzake hajui, na kwamba yeye amekuwa akitapika tangu juzi.

Rahaf aliizima simu, akamrudishia Siraj bila kuombwa.

"Chumba chenyewe hakina mlango," aliniambia. Alisema polepole, uso umemshuka, kama mzee.

Jioni tulikwenda wote kwa Miftah. Nilikuwa na mtoto mgongoni na Sundus mkononi, kwa sababu sikuwa na pa kuwaacha. Siraj aliingia chumba cha wageni cha wanaume, na sisi tukapitishwa upande wa ndani, ambako mke wa Miftah alitukaribisha kwa adabu ya mtu ambaye hajui amchukie nani.

Ghalia alikuwa amekaa chini jikoni, anamenya vitunguu saumu. Mtandio wake ulikuwa umefungwa kwa pini mpaka chini ya kidevu, ndani ya nyumba yao wenyewe, mbele yetu wanawake. Hilo lilinichoma. Alinitazama, akaniuliza kama nimemaliza yale maswali ya sehemu.

"Bado, Abla."

"Swali la tano linakusumbua."

"Linanisumbua."

"Unasahau kugeuza. Ukigawanya, unageuza ile ya pili. Nimekuambia mpaka nimechoka."

Rahaf alikuwa amesimama mlangoni. Alianza kusema samahani, Ghalia akamkatiza, si kwa ukali. Alimwambia ameshasikia samahani nyingi siku hizi, mke wa kaka yake kamwambia pole, majirani wamemwambia pole, hata kijana wa kaka yake alimwomba msamaha kwa kuileta ile picha.

"Mimi nimefundisha wasichana wa mji huu tangu hujazaliwa," alimwambia. "Hakuna aliyeniona nikicheka, kwa sababu nilijua wakinizoea hawatasoma. Sasa wameniona wote. Haya, nimeonwa, sifi. Lakini kaka yangu hajaniuliza kitu kimoja. Hajaniuliza kama nilijua. Amefunga geti, akaniambia nipumzike. Angeniuliza ningemjibu."

Kisha akarudia vitunguu vyake.

Nilimwona Rahaf anatazama ukumbi mrefu unaotenganisha upande wetu na upande wa wanaume. Mwishoni mwake kulikuwa na pazia zito la kijani, na nyuma yake sauti ya Siraj ikisema maneno ya heshima, na glasi za chai. Mimi sikumsukuma. Akarekebisha mtandio wake, akatembea.

Nilimfuata hadi nusu ya ukumbi, nikasimama hapo na mtoto mgongoni. Rahaf hakuingia. Alisimama upande huu wa pazia, akasalimia kwa sauti ndogo.

"Nani huyo?" Miftah aliuliza.

"Mimi Rahaf, ami. Mdogo wake Siraj."

Nilimsikia Siraj akikohoa.

"Nilipiga video mimi," Rahaf alisema. "Nilipiga mkono wa bibi harusi. Abla alikuwa nyuma yangu, kwenye kioo. Hakuniona, na mimi sikumwona. Hakujua. Mpaka kesho yake hakujua. Sisi tulijua kabla yake."

Miftah ni mtu mnene, huhema kwa sauti, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi zake bila kutaka.

"Amekutuma nani useme hivi? Yeye?"

"Hapana. Yeye ameniambia ninyamaze, amechoka na samahani."

"Wangapi wameiona?"

"Sijui, ami."

"Hujui?"

"Nilikuwa nadhani najua. Nilidhani ni sisi tu wa darasani. Sijui iko wapi sasa na sitaweza kuirudisha." Sauti ilianza kumkatika, akaivuta. "Lakini hilo ni la kwangu mimi. Yeye alikuwa chumba cha wanawake, anacheza na wanawake. Hakufanya kitu."

Glasi iliwekwa juu ya sinia. Nilipogeuka nilimwona Ghalia amesimama nyuma yangu, kisu kidogo bado mkononi, vidole vinanuka kitunguu. Alikuwa amesikia yote. Hakulia wala hakutabasamu. Alitoa pini moja chini ya kidevu chake, akashusha pumzi, akarudi jikoni.

Miftah hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alimwambia Siraj amnyweshe binti yule maji, na kwamba usiku unaingia. Tukaondoka. Njiani Siraj alimshika dada yake bega, jambo ambalo sikumbuki kama alilifanya tena tangu siku ya msiba wa mama yao.

Nisikudanganye, ile stika haikufa. Binamu mmoja wa mji wa Zliten aliniambia ameiona kwa shemeji yake, bila kujua ni nani. Inazunguka huko, na maneno yamebadilishwa, sasa imeandikwa kitu kuhusu mshahara. Wasichana waliifuta, wengine kweli, wengine kwa mdomo. Rahaf hakuomba simu arudishiwe. Alipoulizwa darasani kwa nini haonekani kwenye kundi, alisema yupo likizo, wakamtania kwamba ameolewa. Alicheka nao. Usiku lakini namsikia anageukageuka kitandani, na asubuhi ana macho ya mtu aliyefanya kazi usiku kucha. Ile karatasi ya alama zake aliibandua ukutani. Sikumuuliza ameipeleka wapi.

Siku ya darasa letu nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kuwafutia vumbi viti watoto wa chekechea, si zaidi. Wenzangu nao walikuja, kila mmoja na kisingizio chake. Mmoja alisema amepita tu kutoka dukani, na mikono mitupu. Tulikaa kwenye vile viti vidogo, daftari kwenye mapaja, hatukuzifungua. Mmoja akaanza kuhesabu nani ataenda mtihani bila mwalimu, mwingine akamwambia anyamaze, hesabu hiyo hajafundishwa. Tukacheka kidogo. Kicheko hakikufika mbali.

Rahaf alikuja nami safari hii, amembeba mdogo, Sundus akimfuata. Alikaa kona ya mwisho karibu na meza ya rangi za watoto, kajifanya anapanga penseli. Adhana ya isha ikapita. Mama mmoja akainuka, akachukua mtandio wake, akasema mumewe atamtafuta. Nilimtazama akivaa viatu na nikajisikia uzito wote wa mwaka ule: usiku niliosoma kwa mshumaa, mguu mmoja unabembeleza mtoto, kitabu kimoja kinasomwa mara kumi. Nikafikiri, labda mwakani. Nikafikiri, mwakani mdogo atakuwa anatembea, itakuwa rahisi zaidi. Nimekuwa nikijiambia mwakani tangu nilipoolewa.

Nikafungua daftari langu kwenye swali la tano. Nikageuza ile sehemu ya pili. Nikapata jibu, nikaliangalia, sikuwa na wa kumwonyesha.

Nje gari lilisimama na injini haikuzimwa. Taa zake zilipita ukutani, juu ya picha za matunda na herufi. Hakuna aliyesogea. Yule mama aliyekuwa mlangoni alibaki na kiatu kimoja mkononi, na Rahaf aliacha penseli. Sundus alikuwa amepanda kiti dirishani, pua kwenye kioo, anatuzibia tusione nje. Alitazama nje muda mrefu, kisha akatugeukia.

"Mwalimu amekuja," alisema.